Klabu ya Gofu Iliyoondolewa Kuipisha Treni Ambayo Haikuja

Mwezi Mei 2015 serikali ya Singapore ilitangaza kwamba ingeutwaa uwanja wote wa Jurong Country Club, hekta 67 upande wa magharibi wa kisiwa, ili pajengwe kituo cha mwisho cha treni ya mwendokasi kutoka Kuala Lumpur. Klabu ilikuwa na haki ya kuitumia ardhi hiyo hadi mwaka 2035, lakini ilitakiwa iwe imekwisha kuondoka ifikapo mwisho wa Novemba 2016. Klabu ikaondoka. Treni haikuja, na tarehe 1 Januari 2021 serikali za Singapore na Malaysia zilitangaza kwamba mkataba wa reli hiyo umevunjika.

Niseme mapema kwamba mimi si mtetezi wa gofu. Sijawahi kushika fimbo ya mchezo huo, na kila nipitapo kando ya uzio wa klabu ya gofu iliyo katikati ya mji hujikuta nikihesabu kichwani ni nyumba ngapi zingeenea pale. Kwa hiyo sikuguswa na habari za Jurong kwa sababu ya kuwahurumia matajiri waliokosa pa kupiga mpira wao siku ya Jumamosi. Kilichonigusa ni mpangilio wa mambo yenyewe: nani aliondolewa kwanza, na ni kitu gani kilikuwa kimethibitika wakati anaondolewa.

Singapore ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 730, yaani haifikii nusu ya kisiwa cha Unguja, na ndani ya eneo hilo wanaishi watu wapatao milioni sita. Mwaka 2014 serikali ilieleza kwamba viwanja vya gofu vilikuwa vimechukua takriban hekta 1,500, sawa na asilimia mbili ya nchi nzima. Katika nchi ambayo mabwawa ya maji, kambi za jeshi, bandari na majumba ya ghorofa vyote vinagombea nafasi moja, sioni mtu anayeweza kusema kwa dhati kwamba mchezo wa watu wachache haupaswi kuguswa. Aidha, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1966 inaipa serikali mamlaka makubwa ya kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, na wakulima na wanakijiji wengi walihamishwa kwa sheria hiyo zamani, tena kwa fidia ndogo, kwani malipo ya kufuata bei ya soko ya siku ya kutwaliwa yalianza mwaka 2007 tu. Ukilinganisha na hao, wanachama wa klabu walitendewa kistaarabu.

Hata hivyo, Jurong si mahali pa kawaida. Kabla ya miaka ya 1960 palikuwa na vinamasi na mikoko. Goh Keng Swee, aliyekuwa waziri wa fedha, alipoamua kupafanya eneo la viwanda, watu waliubeza mradi huo wakauita upumbavu wa Goh, maana viwanja vilitengenezwa na wenye viwanda hawakuonekana. Walikuja baadaye, na waliokuja walihitaji zaidi ya karakana na barabara. Bustani, ziwa lililotengenezwa kwa makusudi na uwanja wa gofu vyote vilikuwa sehemu ya juhudi za kumfanya mtu akubali kuishi kando ya moshi wa viwanda. Sikitiko langu dogo kwa klabu ile linatoka hapo: ilisaidia kuipa thamani ardhi ambayo baadaye ilionekana ni ya thamani mno kuachiwa klabu.

Sasa tuziangalie tarehe, kwa kuwa hoja yangu yote imo humo. Utwaaji ulitangazwa Mei 2015. Hati ya maelewano ya reli baina ya serikali mbili ilitiwa saini Julai 2016. Mkataba wenyewe wa kujenga, ule unaozifunga pande zote mbili, ulitiwa saini tarehe 13 Desemba 2016, takriban wiki mbili baada ya siku ambayo klabu ilipangiwa kuwa imekwisha kuikabidhi ardhi. Reli ingekuwa na urefu wa kilomita 350 hivi, safari ingechukua dakika 90, na treni ya kwanza ilitarajiwa mwaka 2026. Mei 2018 Wamalaysia wakapiga kura, chama kilichotawala tangu uhuru kikaanguka, na Mahathir Mohamad, aliyerudi kuwa waziri mkuu akilia na madeni ya taifa, akataka mradi usimamishwe. Ulisimamishwa Septemba mwaka huo, ukaongezewa muda mara moja, kisha mazungumzo yakakwama, mojawapo ya sababu zake ikiwa ni Malaysia kutaka kuondoa kampuni ya pamoja ambayo ingemiliki mitambo na treni.

Malaysia iliilipa Singapore dola za Singapore milioni 102.8 kwa gharama zilizopotea, mbali na milioni 15 za kusimamisha mradi hapo awali. Serikali, basi, ilikuwa na mkataba uliotaja nani atamlipa nani iwapo mambo yataharibika. Klabu haikuwa na kifungu cha aina hiyo. Ililipwa thamani ya ardhi na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyeandika mahali popote kwamba treni isipokuja, wenyewe warudi. Na uwanja wa gofu si kitu cha kufungua tena kwa ufunguo: majani yasipokatwa na kumwagiliwa kwa msimu mmoja tu, huwa ni pori, na wafanyakazi waliokuwa wakijua kila mteremko wake huwa wameshapata kazi kwingine.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi kwa Keppel Club, ambayo ni kongwe, ya mwaka 1904, iliyokuwa na hekta 44 kusini mwa kisiwa karibu na bandari. Februari 2014 iliambiwa wazi kwamba hati yake ikimalizika mwisho wa mwaka 2021 haitahuishwa. Ilipata takriban miaka minane ya kujipanga, ikahamia uwanja mwingine, na mahali pake zilipangwa nyumba zipatazo 9,000, ambazo 6,000 kati yake zingekuwa za serikali kwa wananchi wa kawaida. Hapo sina neno. Ahadi iliheshimiwa hadi siku yake ya mwisho, na aliyeondoka aliona nani anaingia.

Raffles Country Club, iliyofunguliwa mwaka 1988 kando ya bwawa la Tengeh, ilipatwa na masaibu kama ya Jurong: tangazo Januari 2017, kuondoka mwisho wa Julai 2018, hekta 143, na sababu iliyotangulizwa ni treni ileile. Angalau pale serikali ilikuwa imetaja pia mahitaji mengine ya reli za ndani, na sehemu ya ardhi hiyo, hekta 50, imejengwa kituo cha kufanyia majaribio treni za mjini.

Wapo watakaonijibu kwamba ardhi ya Jurong ingehitajika tu, kwa sababu eneo lile linakusudiwa kuwa kitovu cha pili cha biashara nje ya katikati ya mji. Nakubali, na nadhani klabu isingevuka mwaka 2035. Lakini hiyo si sababu waliyopewa wanachama mwaka 2015. Waliambiwa kuna kituo cha treni kisichoweza kusubiri. Mtu anayeombwa kupisha msafara ana haki ya kuuliza kama msafara umeshaondoka ulikotoka.

Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala nazo zina viwanja vya gofu vilivyoanzia zama za ukoloni, na kwetu jina la Singapore hutajwa upesi kila panapotakiwa ardhi kwa mradi mkubwa. Anayelitaja aeleze kwanza ni Singapore ipi anayoikusudia, ya Keppel au ya Jurong. Malaysia, kwa upande wake, mwaka 2023 ilizialika kampuni binafsi kuleta mapendekezo ya kuifufua reli ile ya Kuala Lumpur.