Miezi 6 si kwa kila sehemu ya uso
Kuna makala inayosema sindano za kujaza uso (fila) hudumu miezi 6, basi. Hapana, inategemea sehemu. Midomo husogea kutwa nzima, kwa hiyo fila ya hapo mara nyingi huisha kati ya miezi 6 na 12; mashavuni inaweza kufika 18. Kinachonisumbua zaidi ni hiki: uso kurudi ulivyokuwa si ushahidi kwamba yote imekwisha. Picha za MRI zimewahi kuonyesha mabaki ya asidi ya hayaluroniki, jeli inayotumika kwenye fila nyingi, miaka kadhaa baadaye, na watu wanaendelea kuongezewa juu yake! Jamani, kabla ya kuchomwa ulizeni kama ni aina inayoyeyushwa kwa hayaluronidasi, yaani dawa ya kuyeyusha asidi hiyo. Fila ya kalsiamu haiyeyuki hivyo, hata ikiziba mshipa wa damu.