Mke Mwenza wa Bibi

Kwetu hakuna urithi wa kutambia. Shamba la Babu liligawanywa kwa watoto tisa, kila mmoja akapata kipande ambacho ukipanda mchungwa mmoja, kivuli kinaangukia kwa ndugu yako na kesi inaanza. Kitu pekee kilichokataa kugawanyika ni pikipiki: Honda CG 125 nyekundu, ambayo Babu alikopeshwa kazini mwaka 1981 akawa anakatwa mshahara.

Babu alikuwa bwana shamba njia ya Muheza kwenda Amani, kule Usambara Mashariki, barabara yenye kona utadhani aliyeipima alikuwa anamfuata nyoka. Enzi zile za kubana mafuta, Jumapili ikishapita saa nane mchana ilikuwa marufuku kuendesha gari. Babu hakutaka kujua kama pikipiki nazo zimo. Alizima injini kule juu, akaiachia mteremko hadi karibu na mjini kimyakimya, na askari alipomsimamisha alijibu, "Afande, siendeshi. Nashuka tu." Hadithi hii husimuliwa kila Idi, na kila Idi askari wanaongezeka. Mara ya mwisho walikuwa wanne na mmoja ana nyota.

Ukoo mzima huiita pikipiki ile "Mzee". Bibi peke yake ndiye anaiita "mke mwenzangu", kwa sababu, anavyosema, Babu aliiogesha na kuipaka mafuta kila Ijumaa, na yeye hakuwahi kupakwa hata mgongo. Babu alipofariki ilikaa kwa Baba, kisha ikaja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa jina la Babu. Kwa utani wa bibi na mjukuu, mimi ndiye mume wa Bibi. Kwa hiyo nilirithi mke na mke mwenza siku moja, nikiwa na miaka ishirini na sita, napanga chumba kimoja Tabata, Dar.

Sasa nikiri. Injini niliiua mimi.

Wanaoijua CG wanaelewa ukubwa wa kosa hili. Wajapani waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama zetu, baada ya kuona kwamba oili hatubadilishi mpaka injini iombe yenyewe. Valvu zake zinasukumwa na vijiti badala ya cheni ya ndani, na mnyororo wa nyuma wakaufunika bati pande zote usile vumbi. Yaani walikaa wakafikiria kila uzembe wa binadamu. Wangu tu ndio uliwapita. Nilitoka Tabata hadi Mbagala na kurudi, foleni, jua, oili imebaki harufu tu. Njiani ikaanza kugonga, ko-ko-ko, nikaongeza sauti ya redio kwenye simu.

Fundi aliifungua, akanyamaza muda mrefu kama daktari mwenye adabu. "Krenki imekwisha. Pistoni imeshikana na bloku, hawa wamefunga ndoa." Kisha akanifariji. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zimeigwa kutoka hiyohiyo CG. "Huyu mzee wako ana wajukuu kila kijiwe. Tunachukua mjukuu mmoja tunamweka hapa, hakuna atakayejua." Laki nne na nusu, mkono kwa mkono. Ikakaa kama imezaliwa pale. Akaniachia onyo moja tu: ya Babu unakanyaga gia ya kwanza, zinazofuata unanyanyua. Hii zote unakanyaga mbele. Ukinyanyua ukiwa gia ya kwanza unarudi huru.

Nikazoea kwa siku mbili. Ukoo sikuuambia.

Mwezi wa nane Baba Mkubwa akapiga simu. Hitima ya Babu ni Jumamosi, "na uje na Mzee." Nikajaribu kusema Mzee anaumwa. Akasema basi aje apone kwao. Nikaipakia kwenye fuso lililokuwa linakwenda Muheza tupu kuchukua machungwa, tukapita Segera usiku, alfajiri nikaishusha stendi na kuiendesha hadi nyumbani, moyo unapiga kuliko injini.

Mapokezi yalikuwa kama ya bwana harusi. Shangazi aliweka kiganja kwenye kishimo cha tangi na kufumba macho. Kishimo kile kilipatikana siku Babu anampeleka shule ya bweni, wakagonga mbuzi, sanduku lake la bati likaruka na kutua juu ya tangi. Mimi nilishataka kukinyoosha na kupiga rangi, nikamshukuru Mungu kwamba hela iliishia kwenye injini. Baba Mkubwa yeye aliinama na kanzu yake nyeupe, akaniamuru niiwashe. Ikawaka kwa kiki moja. Akaitega sikio, akainua kidole.

"Msikilizeni. Mnaisikia? Injini za siku hizi hazina sauti hii. Huyu ni Mzee mwenyewe anaongea."

Machozi yakamtoka. Binamu yangu wa bodaboda, ambaye ya kwake ilikuwa imeegeshwa hatua tatu kutoka pale, akasema, "Mbona kama yangu?"

"Huna adabu," wakamjibu watu watano kwa pamoja.

Mambo yangeishia hapo. Kisomo kilikwisha, dua ikapita, pilau ikawa inasubiriwa kupakuliwa. Ndipo Baba Mkubwa, ana miaka sitini na nane na presha, akatangaza kwamba atazunguka uwanja mara moja kwa heshima ya marehemu.

"Baba Mkubwa, breki hazishiki vizuri."

"Nimejifunzia pikipiki hii kabla baba yako hajatahiriwa."

"Na gia nazo, mpangilio wake siku hizi ume..."

"Kijana." Akaniangalia. "Gia za baba yangu utanifundisha wewe?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na kama sekunde nne za kuwa mwanamume. Nikazitumia kumshikia kofia.

Alikanyaga ya kwanza, akaondoka vizuri kabisa, mgongo umenyooka, kanzu inapepea. Vigelegele. Akauzunguka mwembe mara moja. Nikaanza kupumua. Kisha nikaona ncha ya kiatu chake inaingia chini ya gia, na inanyanyua.

Injini ikapiga kelele kama mbuzi aliyeona kisu, pikipiki yenyewe ikapunguza mwendo. Baba Mkubwa akashangaa. Akavuta resi zaidi. Kelele zikazidi, mwendo ukapungua. Akafanya ambacho mtu yeyote mwenye hasira hufanya: akakanyaga gia kwa nguvu zote, resi akiwa bado ameishikilia mpaka mwisho.

Tairi la mbele likaangalia mbinguni.

Nilichokiona baadaye nimekipanga kwa msaada wa mashahidi. Alipita katikati ya turubai, wazee wakalala kushoto na kulia kama mpunga. Akalichukua beseni la kachumbari. Akapita kwenye kamba ya nguo, akatoka upande wa pili na khanga ya Shangazi imemfunika uso wote, na maandishi yametulia kwenye paji lake, yanasomeka vizuri: MWENDA POLE HAJIKWAI. Sufuria la pilau alilikosa kwa kiganja kimoja, na mama wapishi wanasema hiyo ilikuwa baraka ya hitima. Mwisho akaingia kwenye lundo la machungwa yaliyokuwa yanasubiri lori, akazama hadi kifuani.

Haikwisha. Pikipiki ililala ubavu na gia imeingia, waya wa resi umenasa, tairi la nyuma linazunguka ndani ya machungwa. Kwa muda fulani tulipigwa. Machungwa mazima, nusu, maganda, juisi. Shekhe aliyesoma dua alijikinga kwa sinia. Binamu wa bodaboda ndiye aliyetambaa na kuzima swichi.

Kimya. Baba Mkubwa akatoa mkono mmoja kwenye machungwa kuonyesha yu hai. Na binamu, kwa kuwa alikuwa amelala palepale na uso uko karibu na injini, akaanza kusoma kwa sauti herufi zilizochongwa ubavuni.

"Jamani. Hii si Honda."

Kikao kilifanyika hapohapo, kila mtu ananata. Nilikaa katikati ya mkeka. Shangazi akasema nimemzika baba yake mara ya pili. Ami mmoja akauliza namba ya injini kwenye kadi inasemaje, swali ambalo naomba nisilijibu hapa. Wakataka kujua injini ya Mzee iko wapi. Nikasema iko kwa fundi. Kwa fundi inafanya nini? Nikajikuta nimesema kweli.

"Anaikalia."

Kilio kilichofuata nilikisikia mara ya mwisho siku ya maziko yenyewe. Baba Mkubwa, goti limefungwa kitambaa, mbegu za chungwa ndevuni, akasimama kunihukumu. Akasema injini ile ilikuwa ya baba yao, haikuwahi kufunguliwa, haikuwahi kuguswa na mkono wa mtu tangu 1981, mpaka nilipozaliwa mimi laana.

Ndipo tukasikia kicheko kutoka barazani. Bibi alikuwa ameketi na kikombe chake cha chai, hana hata tone la juisi.

"Mke mwenzangu ndio kwanza leo mmemjua? Mimi alfajiri alivyoingia uani nilijua huyu ni mgeni. Anakohoa kwa puani."

"Mama, sasa mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Kwani hata yule mliyemlilia alikuwa wa kwanza?" Akanywa chai taratibu. Macho yake yakatembea juu ya mkeka, yakapita kwangu, yakapita kwa Shangazi, yakafika kwa Baba Mkubwa yakatulia. "Mwanangu. Ile ngoma ya Korogwe. Utaeleza wewe, au nieleze mimi?"

Sijawahi kuona goti linapona haraka namna ile. Baba Mkubwa alikung'uta kanzu, akasema pilau inapoa, wageni wana njaa, na kikao kimefungwa. Tangu siku hiyo nimeuliza habari za ngoma ya Korogwe kwa watu saba. Wote ghafla wanakumbuka wana kazi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa najiandaa kutafuta lori la kurudi Dar, Bibi akatoka amevaa viatu na mkoba kwapani. Anataka kupelekwa Muheza, macho yake yana ukungu, na hataki bodaboda za watoto wa mtaa. Akapanda kwa upande, akajifunga ushungi vizuri, akalipapasa tangi pale kwenye kishimo.

"Zote mbele?" akauliza.

"Zote mbele, Bibi."

"Haya, twende mume wangu. Ila usimkimbize, bado hajanizoea."