Mwaka wa gari usomwe kwenye chuma, si kwenye kadi

Wiki hii kuna tangazo limezunguka Mtwara kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Datsun 240Z, usukani wa kulia, "ya 1969, toleo la kwanza kabisa, aina iliyoshinda Safari," yaani mashindano ya magari ya Safari Rally. Bei yake imepangwa kwa nguvu ya hiyo 1969. Chini ya picha za gari kuna picha ya kadi yake ya usajili, na kadi inasema 1975. Watu wakaanza kubishana nani wa kuaminiwa: kadi, kwa sababu imetoka serikalini, au mzee mwenye gari, kwa sababu analo tangu ujana wake. Katika maneno yote yale hakuna aliyesema twende tukafungue boneti.

Nimekwenda. Gari lipo Ligula, uani kwa fundi, na mwenyewe alinipokea vizuri na kuniacha nilizunguke nitakavyo. Nasema waziwazi kwamba si la 1969 wala si la 1975, na wala haihitajiki elimu kubwa kuligundua hilo.

Anza na mlango wa nyuma. 240Z za mwanzo zina matundu mawili ya kutolea hewa kwenye mlango huo, chini ya kioo, na kwenye nguzo za nyuma ya madirisha ya ubavuni zimebandikwa maandishi 240Z. Mwaka 1971 Nissan, watengenezaji wa Datsun, waliyahamisha yale matundu. Mlango ukabaki mtupu, hewa ikawa inatokea kwenye nguzo, nyuma ya nembo ya duara yenye herufi Z. Gari la Ligula lina mlango mtupu na lina duara la Z kulia na kushoto. Mtu atasema mlango unaweza kubadilishwa. Sawa, unaweza. Lakini nguzo ni sehemu ya bodi yenyewe, nimezipapasa kwa ndani na kwa nje, na hazina alama ya kuchomelewa. Kwa hiyo 1969 haiwezekani. Na 1975 haiwezekani pia, kwa sababu kufikia 1974 nafasi ya 240Z ilishachukuliwa na 260Z. Hiyo 1975, kwa ninavyoona mimi, ni mwaka gari liliposajiliwa hapa nchini, na aliyejaza fomu akauweka kwenye nafasi ya mwaka wa kutengenezwa.

Habari ya Safari ni ya kweli. Edgar Herrmann alishinda na 240Z mwaka 1971, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na 240Z mwaka 1973, enzi ambazo mashindano yaliitwa East African Safari. Naelewa kwa nini mzee anataka gari lake liwe karibu na siku zile. Ila gari la aina ile lina heshima yake tayari, halihitaji kuongezewa umri.

Tatizo ni kwamba tunazungumza kana kwamba gari lina mwaka mmoja. Lina mwaka lililotoka kiwandani, lina mwaka wa toleo, yaani mwaka ambao kampuni iliutaja ilipoliuza, na lina mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Mara nyingi hii miaka haifanani. Anayeagiza gari Japani analijua hili hata kama hajawahi kukaa akalifikiria: kikokotoo cha TRA kinamuuliza mwaka wa kutengenezwa, wakati cheti cha Japani cha kusafirishia gari kinaonyesha mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza. Kwenye gari la kutembelea tofauti ya miezi michache inaishia kwenye ushuru. Kwenye gari la spoti la zamani, ambalo bei yake yote imesimama juu ya mwaka, tofauti hiyo ndiyo biashara yenyewe.

Tazama Ford Mustang. Kiwanda cha Dearborn kilianza kuziunda Machi 1964, na tarehe 17 Aprili mwaka huohuo zikazinduliwa New York. Ni magari ya 1964 kwa kalenda ya mtu yeyote. Lakini Ford waliyauza kama toleo la 1965, na namba ya kila moja inaanza na 5. Wapenzi wakaja na jina lao la "1964 na nusu", ambalo halikugongwa kwenye gari lolote. Ukitaka kuzitambua zile za miezi ya mwanzo unatazama vitu kama jenereta, kwa sababu zilizofuata zilifungwa altaneta. Au chukua Porsche 911 Carrera RS ya 2.7, ambayo ilionyeshwa Paris Oktoba 1972. Namba zake za chesisi zinaanza na 911 360, na hiyo 3 ni ya toleo la 1973. RS iliyoundwa Novemba 1972 ni ya 1973 kwa toleo na ya 1972 kwa kuzaliwa, na anayekuambia hivyo hakudanganyi. Anayedanganya ni yule anayechagua mwaka mmoja kati ya hiyo kulingana na mnunuzi aliyesimama mbele yake.

Waingereza wana namna yao. MG na Triumph za miaka ya 60 hazikusubiri mwaka mpya ili zibadilike, mabadiliko yaliingia kwenye namba fulani ya chesisi, hata katikati ya mwezi. Kwa hiyo kwao namba ina nguvu kuliko mwaka. Uzuri ni kwamba vitabu vya kiwanda vilihifadhiwa, na jumba la makumbusho ya magari lililoko Gaydon linatoa cheti chenye tarehe gari lilipoundwa. Unapeleka namba, unalipa, unaletewa. Mwenye MGB hana sababu ya kubishana barazani.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Kwenye 240Z kuna kibati kidogo kilichopigiliwa kwa ribiti ndani ya boneti, juu ya shokapu. Kinabeba aina ya gari, ukubwa wa injini, namba ya chesisi na namba ya injini. Namba ya chesisi imegongwa tena kwenye chuma cha ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Ya Ligula haina kibati. Zimebaki tundu za ribiti, zimejazwa rangi.

"Fundi, kile kibati cha hapa juu ya shokapu kimekwenda wapi?"

"Kipo kaka, nilikitoa wakati wa rangi. Ngoja."

Akaingia ndani akarudi na kopo la maziwa ya unga lililojaa nati, washa na vipande vya waya. Akalimwaga juu ya gunia. Kibati kilikuwa chini kabisa, kona moja imepinda, uso mzima umekuwa mweusi kwa grisi. Tukakisafisha kwa kitambaa na petroli, taratibu, herufi zikaanza kutoka: HS30. Haina L katikati, na hiyo ndiyo ya usukani wa kulia, maana za kushoto zimeandikwa HLS30. Namba ya injini ikasomeka, nayo haifanani na iliyo kwenye bloku ya injini, kwa hiyo injini ilishabadilishwa. Tukarudi kwenye ule ukuta ili tulinganishe chesisi. Puti na rangi vimeingia kwenye namba mpaka tarakimu za mwisho ukizigusa kwa kidole huzihisi.

Fundi hakuwa na nia mbaya. Kazi yake ya bodi ni safi na nitamsifu popote. Aliambiwa gari ling'ae, akalifanya ling'ae. Lakini naomba tulichukulie jambo hili kwa uzito unaostahili. Rangi utapiga tena kesho, kiti utashona upya, hata bawa zima la mbele utalikata na kulichomelea jingine, na gari litabaki lilelile. Namba iliyogongwa kiwandani ikisagwa na grinda hairudi. Kukata kutu bila kuzisoma namba kwanza ni kama kufua shati na barua ikiwa mfukoni. Na barua yenyewe haikuwa ya fundi, haikuwa hata ya mwenye gari wa leo. Ni ya kila atakayelimiliki baada yake.

Najua hali ya hapa. Huu ni mji wa bahari, upepo wa chumvi unakula sakafu, unakula chini ya milango, na mtu asipokata kutu hatabaki na gari la kulipigia hadithi. Najua pia kwamba miaka ya nyuma, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kuvuka Rufiji ilikuwa safari ya kivuko na matope, na masika yakikolea spea za kutoka Dar zilikuwa ndoto. Mafundi wa Mtwara na Lindi waliyaweka magari hai kwa kuchukua hiki hapa na kile pale. Nawaheshimu kwa hilo. Kwa hiyo sisemi kibati kisitolewe. Nasema kitolewe na mtu anayejua alichoshika, na kirudi mahali pake.

Kazi yenyewe haimalizi hata nusu saa. Kabla msasa haujagusa gari, piga picha kibati na piga picha namba kwenye ukuta, mwanga ukitokea ubavuni ili michoro ionekane. Kisha weka karatasi nyembamba juu ya namba usugue kwa penseli, utapata nakala ya kila tarakimu kwa ukubwa wake halisi, na makosa ya kusoma 3 badala ya 8 yataisha. Ziba namba kwa gundi ya karatasi wakati wa kupulizia rangi. Funga kibati kwenye mfuko wenye jina la mwenye gari. Hakuna gereji isiyoweza hayo.

Na kama namba zimeshaharibika, bado kuna vitu vingine vinavyozungumza. 240Z zilizokwenda Marekani zina bati kwenye nguzo ya mlango wa dereva linalotaja mwezi na mwaka, lakini usitegemee kulikuta kwenye gari lililouzwa huku. Vya kutazama ni tarehe zilizo kwenye mikanda, vioo na vyuma vya kumimina. Kwenye gari la Kiingereza vifaa vya umeme vya Lucas vimegongwa tarehe. Gari la Ligula lina mkanda wa dereva wenye lebo ya kitambaa, imefifia lakini 1972 inasomeka. Kipande kimoja peke yake hakitoshi, kwani mkanda hubadilishwa. Kanuni ninayoifuata ni hii: kipande cha asili hakiwezi kuwa kichanga kuliko gari, mara nyingi kimetangulia kwa wiki au miezi. Lebo ya 1972, nguzo zenye duara la Z na 240Z iliyokoma kabla ya 1975 vyote vinaelekea upande mmoja. Nimemwambia mzee: "Shikamoo mzee wangu, gari lako ni la 1972 au 1973, na ni zuri." Aliitikia marahaba, kisha akakaa kimya kwa muda. Tarakimu za mwisho zikisafishwa kwa dawa ya kutoa rangi, bila grinda, tutaukaribia zaidi mwaka wake halisi.

Kuna wanaojiona wajuzi wanaohesabu herufi ya kumi kwenye namba ya chesisi. Hiyo ni ya namba za herufi na tarakimu 17, zilizoanza kuwa lazima Marekani kwa matoleo ya 1981, ambapo B ni 1981, C ni 1982 na kuendelea. Gari la 1972 halina hiyo namba. Na Celica au Skyline iliyotoka soko la ndani la Japani haina mpaka leo, ina namba ya aina na namba ya mfululizo tu. Ukihesabu mpaka ya kumi pale unasoma kitu ambacho hakipo.

Jibu nililopewa na wengi kwenye makundi ni kwamba gari ni la kuendesha, mwaka wa nini. Basi nijibu kwa upande huohuo wa kuendesha. Giaboksi ya 240Z ilibadilishwa. Za mwanzo zilikuwa za aina A, na kuanzia matoleo ya 1972 ikaja aina B. Difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, nayo ilisogezwa nyuma mwaka 1971. Atakayenunua gari la Ligula kwa kuamini tangazo ataagiza vifaa vya giaboksi ya 1969, atalipia usafiri kutoka ng'ambo, na fundi atavifungua na kukuta haviingii. Atakayeamini kadi ataambiwa 240Z ya 1975 haipo kwenye orodha. Giaboksi ya gari lile ina tatizo la gia ya tatu, nimeliendesha hadi Shangani na kurudi, inaruka ukiachia mafuta. Mnunuzi wake ataihitaji hiyo spea mapema sana.