Kuna Nini Leo?

Mtu akikuanza hapa Tanga bila salamu, ujue njaa imemfika pabaya. Sisi huku tunaweza kuulizana hali mpaka daladala ikajaa, ikaondoka, na ya pili ikaja. Lakini akishaingia hotelini kwetu na kuvuta kiti, adabu yote anaiacha mlangoni na ndala. "Kuna nini leo?"

Basi nasimama, mikono nyuma, navuta pumzi kama msoma taarifa ya habari ya saa mbili, namwaga: "Kuna wali wa nazi, wali mweupe, pilau, ugali wa sembe, ugali wa dona, bada, ndizi. Mboga kuna nguru wa mchuzi, changu wa kukaanga, pweza wa nazi, nyama ya ng'ombe, kuku wa kienyeji, kuku wa kisasa, maharage, mchicha, kisamvu, tembele." Hapo koo limekauka. Mteja ananitazama, anatazama simu yake, ananitazama tena.

"Chipsi mayai hakuna?"

Bwana wee! Katika yote niliyotaja, chipsi umezisikia wapi? Na huyo ana nafuu. Yupo anayesema "hebu rudia, sikuwa nasikiliza", nikirudia mpaka kwenye kisamvu anasema alitaka kujua tu. Yupo wa "niletee chochote", na huyu ndiye mtu hatari kuliko wote. Ukimpelekea chochote, anakwambia siyo hicho. Halafu kuna mgeni anayeuliza bada ni kitu gani. Namweleza ni ugali wa muhogo, anakunja uso kama nimemwambia ni dawa ya minyoo. Kesho yake anarudi peke yake, anakaa kona ya nyuma, anaagiza bada na mchuzi wa samaki kwa sauti ya chini.

Hoteli yetu iko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Sitaitaja namba, maana nataka kazi yangu kesho. Ina meza tisa, mbili zina mguu uliokatwa kipande, tumeweka boksi la soda lililokunjwa. Wahudumu tuko wawili, ila mwenzangu ana mjomba anayefiwa kila wiki, kwa hiyo hesabu niko mmoja.

Watu wanadhani kazi ya mhudumu ni kubeba sahani. Sahani hazina neno. Kazi yangu mimi ni ukalimani. Jikoni kwetu kuna bibi mmoja tunamwita Bi Mkubwa, mkubwa wa umri na mkubwa wa mwiko. Anapika mpaka mtu unasahau una deni. Lakini mdomo wake na mdomo wa mteja havijapata kukutana uso kwa uso, na havitakutana nikiwa hai, kwa sababu katikati nimesimama mimi.

Meza ya nne wanasema, "Huyo mpishi wenu amekufa?" Naingia jikoni: "Bi Mkubwa, wateja wanakusalimia, wanaulizia wali."

Bi Mkubwa hageuki hata shingo. "Waambie kama wana haraka waje wapulize mkaa wenyewe."

Natoka, nacheka meno yote. "Inamaliziwa, bosi. Anasema samahani sana."

Siku moja nilichanganya. Nilikuwa nimechoka, nikampelekea kila mmoja maneno ya mwenzake kama yalivyo. Tulipoteza meza nzima ya watu sita na sufuria moja.

Kwa hiyo nimejiwekea lugha, na leo nawapa tafsiri bure. Ukinisikia nasema "inapakuliwa", jua vitunguu ndiyo vinamenywa. "Inakuja" maana yake mkaa haujashika. "Dakika mbili", hapo kuna mtoto katumwa sokoni kutafuta kuku. Na nikikwambia "ngoja nikuangalizie", mkubwa wangu, kimekwisha tangu saa saba, ila sina moyo wa kukwambia usoni. Mama yangu alinifunza nisiseme uongo. Angejua nasema mingapi kabla ya adhuhuri, angenihamisha nikachume karafuu Pemba.

Tuje kwenye kuitwa. Mimi nina miaka 38 na watoto watatu, mkubwa anavaa viatu vyangu. Lakini kijana wa juzi, ndevu zake unaweza kuzihesabu, ananiita "dogo". Wengine wanafyonza hewa kama wanaita paka: pss, pss! Wengine wanagonga glasi kwa kijiko, na glasi ikipasuka ninayeulizwa ni mimi. Yupo mmoja anapiga makofi. Haiti kwa jina wala kwa cheo, anapiga makofi tu, na kila akipiga yule mtoto wa kuosha vyombo anachungulia akidhani kuna taarab.

Na wote hawa wana saa yao maalumu ya kuniita. Sikiliza. Nimebeba sahani nne: mbili zimebanwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto, ya tatu imelala juu ya kifundo, ya nne iko mkono wa kulia, ina mchuzi wa nguru hadi ukingoni na unafuka. Natembea kama niko juu ya ukuta. Hapo ndipo mtu ananivuta shati kwa nyuma. Nageuka taratibu, mchuzi nao unageuka, unasogea, unafika kwenye dole gumba. Unaunguza, na siwezi kuachia. "Naam, bosi?"

"Vijiti vya meno viko wapi?"

Vilikuwa mbele yake. Kwenye kopo. Kopo limeandikwa.

Samaki ni kesi nyingine. Miezi ya upepo wa kusi bahari ikichafuka boti nyingi hazitoki, na nguru akipatikana bei yake unaisikia kwenye mifupa. Bi Mkubwa anakata vipande kwa jicho la mhasibu. Lakini mgeni kutoka bara hilo halijui. Yeye kashuka basi, kaiona bahari kule Raskazone, basi anajua samaki wamejaa ni kuokota. "Mnaishi baharini halafu samaki mdogo hivi?" Ananitazama mimi kama niliyemzaa huyo samaki nikamnyima maziwa. Namwambia ni upepo, bosi. Anatazama nje, mti haujatikisika. "Upepo gani?"

Majuzi walikuja watu 14 wa semina. Mimi semina naipenda kwa mbali, kama mwezi. Walikula pamoja, wakachekeana, wakagombea kichwa cha changu, kisha ilipofika kulipa kila mtu akataka risiti yake. Sawa, haki yao, tumebandika tangazo ukutani: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mashine yetu ni ya kizamani kidogo, inatoa karatasi kwa kujivuta kama inatolewa jino. Nimefika risiti ya tisa, bwana mmoja akanivuta pembeni, mkono begani kama ndugu.

"Yangu iandike elfu ishirini."

"Bosi, umekula wali maharage."

"Najua nilichokula."

Nikamwonyesha tangazo ukutani. Nimelisoma mara nyingi, wala hakuna palipoandikwa kwamba ukila maharage udai risiti ya kuku. Alinuna, akaondoka na njiti zangu saba za meno. Bakshishi aliniachia mia mbili, chini ya mifupa.

Halafu wenyeji tuna ule msemo wetu, waja leo waondoka leo. Kila mtu ana tafsiri yake. Mimi tafsiri yangu niliipata siku ya mechi pale uwanja wa Mkwakwani, Coastal Union yetu inacheza na timu kubwa ya Dar, hoteli imejaa mpaka watu wanakula wamesimama. Vijana watatu, wali kuku watatu, soda tatu, mishkaki sita, jumla 27,000. Wa kwanza akaenda kunawa. Wa pili akatoka kupokea simu, "humu kelele". Wa tatu akaniomba lipa namba, akabonyeza, akanionyesha meseji: imethibitishwa. Ina jina la hoteli, ina kiasi, ina hata salio. Nikamshukuru, nikampa na kijiti cha meno kwa mkono wangu mwenyewe. Jioni bosi anakagua simu ya hoteli, hakuna kitu. Meseji ile alijiandikia.

Mwenye hoteli wetu hana makuu, hakugomba. Alifungua daftari la madeni tu. Mle ndani kuna kurasa za wateja, kila mtu na jina lake, na tangu siku ile kuna ukurasa wenye jina langu. Mfanyakazi, halafu mteja, halafu mdaiwa, mahali pamoja na kwa siku moja. Wali wenyewe sikuuonja.

Kuna mzee mmoja huja kila siku baada ya alasiri, watu wamepungua. Kofia ya kiua, baiskeli ameiegemeza dirishani. Anaagiza chai ya rangi moja, anaikalia saa tatu, na ndani ya saa hizo tatu Coastal Union inachukua ubingwa wa 1988 upya, kuanzia mechi ya kwanza. Mimi mwaka huo nilikuwa nanyonya, lakini kwa sasa naweza kukupangia kikosi. Jamaa wa African Sports, ile timu nyingine ya hapa Tanga, akipita mlangoni, mzee anaongeza sauti. Kulipa, analipa akikumbuka. Ukurasa wake ndio mrefu kuliko wote kwenye daftari.

Jana alikuja kama kawaida, akaniita "mgosi", yaani bwana, ndiye pekee anayeniita kitu ambacho siyo cha paka. Akafika kwenye lile bao la kichwa, akasimama katikati, akanitazama.

"Mgosi, wewe umekula?"

Nikashtuka. Miaka sita hotelini, swali hilo halimo kwenye orodha. "Bado, mzee."

"Kuna nini?"

Mikono ikaenda nyuma yenyewe, nikavuta pumzi, kisha nikakumbuka ni saa kumi na moja. "Kuna ukoko wa pilau. Na mchuzi wa nguru, ila nguru mwenyewe kaisha."

Akafikiri, akapangusa masharubu. "Lete sahani mbili. Uandike."

Nikaingia jikoni. Bi Mkubwa alikuwa ameshavua kanga ya kupikia. "Nani huyo anataka ukoko saa hizi? Mwambie akakombe kwao!"

"Mteja anakusalimia, Bi Mkubwa."

Akapakua, huku akisonya. Nikapeleka sahani, nikafungua daftari. Ukurasa wa mzee ulikuwa umejaa mpaka pembeni, mpaka nyuma ya jalada. Nikaandika kwenye wangu.