Hati za Mahakama za Andrew Jackson Zisomwe kwa Kesi, Saini Baadaye

Andrew Jackson alikuwa wakili kabla hajawa jenerali, na jaji kabla hajawa rais wa Marekani. Alipata leseni ya uwakili North Carolina mwezi Septemba 1787, akiwa na miaka 20, baada ya kusomea sheria mjini Salisbury chini ya Spruce Macay na kisha John Stokes. Mwaka uliofuata alivuka milima ya Appalachia pamoja na John McNairy, aliyekuwa ameteuliwa jaji wa upande wa magharibi wa jimbo hilo, na Oktoba 1788 wakafika Nashville, wakati huo kijiji cha walowezi kando ya mto Cumberland. Tangu hapo hadi Julai 1804, alipojiuzulu ujaji, jina lake limo ndani ya madaftari na majalada ya mahakama za eneo ambalo leo ni jimbo la Tennessee.

Hati hizo zina adui mkubwa kuliko unyevu na mchwa, naye ni umaarufu wa mwenyewe. Karatasi yenye saini ya mtu aliyekuja kuwa rais ina bei sokoni. Ikichomolewa kwenye jalada ikawekwa kwenye fremu, jalada linabaki na majibu bila madai, au hukumu bila kujulikana ni deni gani lililohukumiwa. Msomaji naye hufanya kosa hilohilo kwa macho: anatafuta "A. Jackson" chini ya ukurasa na kuruka yote yaliyo juu yake. Naona njia sahihi ni kinyume chake. Isomwe kesi nzima, kuanzia wito hadi kukaza hukumu, na wakili apewe nafasi yake ndogo katikati.

Tuanze na kesi ya deni, maana ndiyo iliyowalisha mawakili wa Nashville. Mahakama ya kaunti ilikaa mara 4 kwa mwaka. Mdai alikwenda kwa karani, naye karani akatoa amri kwa sherifu amkamate mdaiwa na kuhakikisha anafika kikao kijacho. Mdaiwa aliyepata mdhamini alibaki huru. Ndipo wakili wa mdai akaleta hati ya madai, wakili wa mdaiwa akajibu, kesi ikaingizwa kwenye orodha ya kusikilizwa, ikaahirishwa mara moja au tatu, hatimaye wazee 12 wa baraza wakatoa uamuzi. Hukumu ikitoka, karani alitoa hati ya kukazia hukumu: ama *fi. fa.*, inayomwagiza sherifu akamate mali na kuiuza, ama *ca. sa.*, inayomwagiza amkamate mdaiwa mwenyewe na kumfunga.

Asiyezoea huishia upande wa mbele wa hati hizo. Upande wa mbele una maneno ya fomu yasiyobadilika, na mtu anaweza kusoma hamsini bila kujifunza jipya. Habari iko nyuma. Karatasi ilikunjwa ikawa nyembamba, na kwenye mkunjo wa nje karani aliandika majina ya wadaawa, aina ya kesi na kikao. Hapo hapo sherifu aliandika alichofanya: ametekeleza, au *non est inventus*, yaani mtu hakupatikana, au *nulla bona*, yaani hana mali ya kukamata. Jalada lenye *nulla bona* mara mbili mfululizo linakuambia kuhusu uchumi wa Cumberland mambo ambayo hotuba yoyote ya Jackson haikuambii. Fedha taslimu ilikuwa adimu. Watu walilipana kwa ng'ombe, ngozi, pombe ya nafaka na ardhi, na wakili pia alilipwa kwa hivyo. Sehemu kubwa ya ardhi ya awali ya Jackson haieleweki mpaka ukumbuke kwamba wateja wake hawakuwa na sarafu.

Kiasi cha fedha nacho kina mitego miwili, na yote inawapata hata waandishi wazuri. Wa kwanza ni hati ya ahadi yenye adhabu. Mkopaji wa pauni 100 alitia saini hati ya pauni 200, kwa sharti kwamba akilipa 100 kwa wakati, ile 200 inafutika. Asipolipa, hukumu inaandikwa kwa 200, kisha mstari mmoja chini unasema itamalizika kwa kulipa deni halisi pamoja na fidia na gharama. Anayenakili tarakimu ya juu peke yake amelizidisha deni maradufu. Mtego wa pili ni pauni yenyewe. Katika fedha ya Virginia, dola moja ilihesabiwa shilingi 6. Katika fedha ya North Carolina, shilingi 8. Pauni 100 za Virginia ni dola 333 na senti 33. Pauni 100 za North Carolina ni dola 250 tu. Hati nyingi hutaja ni fedha ya wapi, kwa ufupisho mdogo baada ya tarakimu, na ufupisho huo ndio wa kwanza kuachwa anaponakili mtu mwenye haraka.

Kesi za ardhi ni ngumu zaidi, na ndizo nzito. Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wacherokee na Wachickasaw, wenyeji wa asili wa huko, na North Carolina iliigawa kabla haijatulia nani mwenye haki ya kuigawa. Askari wa kawaida aliyetumikia muda kamili katika vita vya uhuru aliahidiwa ekari 640, yaani maili moja ya mraba. Njia ilikuwa na ngazi nne: cheti cha kustahili, kuandikisha kipande, kupimiwa, na mwisho hati ya umiliki. Kila ngazi iliweza kuuzwa kwa mtu mwingine, na kila ngazi ilighushiwa. Jackson mwenyewe mwaka 1797 alipeleka taarifa za wizi wa vyeti hivyo, na mwaka 1800 James Glasgow, aliyekuwa katibu wa serikali ya North Carolina, akatiwa hatiani. Mipaka ilitajwa kwa miti: anzia mwaloni mweupe, nenda nguzo 320 kaskazini hadi mti mwingine. Nguzo hapa ni kipimo cha futi 16 na nusu, kama mita 5. Mti ukikatwa, kesi inazaliwa.

Na kesi hiyo inafunguliwa na mtu asiyekuwepo duniani. Kwa utaratibu wa Kiingereza uliotumika huko, mwenye kudai ardhi alijifanya ameikodisha kwa John Doe, na kwamba Doe amefukuzwa na Richard Roe. Wote wawili ni wa kubuni. "Roe" anamwandikia mkaaji halisi wa shamba kumwambia aje ajitetee, vinginevyo ataondolewa. Mkaaji anaruhusiwa kuingia kwenye kesi kwa sharti akubali hadithi yote ya kukodisha na kufukuzwa, ili swali libaki moja: nani ana haki bora ya ardhi. Mwanasheria wa Nairobi au Dar es Salaam hakurithi mchezo huu, kwa kuwa Uingereza iliufuta mwaka 1852, kabla sheria zake hazijapokewa Kenya kwa tarehe ya ukomo ya 12 Agosti 1897 na Tanganyika kwa 22 Julai 1920. Lakini anayeandaa faharasa ya hati za Tennessee bila kuujua atapata mamia ya kesi za bwana Doe na kuwapoteza watu wote wa kweli. Faharasa iandikwe kwa jina la aliyedai kumkodisha Doe na jina la mkaaji. Doe na Roe waachwe.

Kuna majina mengine ambayo faharasa nyingi za zamani ziliyaacha, na hapa sina uvumilivu. Tarehe 17 Novemba 1788, katika kaunti ya Washington, ilithibitishwa hati ya mauzo ambayo kwayo Jackson alimnunua kutoka kwa Micajah Crews mwanamke mtumwa aitwaye Nancy, mwenye umri wa miaka kama 18 au 20. Wakili huyo alikuwa na miaka 21. Wasifu wake wa kipindi hicho unapenda kusimulia jambo la Agosti ya mwaka uleule, alipomwandikia wakili mwenzake Waightstill Avery barua ya kumtaka wapigane kwa bastola baada ya kuudhiwa mahakamani Jonesborough. Barua hiyo inanukuliwa kila mahali. Hati ya Nancy inatajwa kwa mstari mmoja, kama inatajwa. Kwangu Nancy ndiye anayestahili ukurasa, kwa sababu barua ya ugomvi inatuonyesha hasira ya kijana mmoja, na hati ya mauzo inatuonyesha mfumo ambao sheria yake yote iliuhudumia.

Ukigeuza hati za *fi. fa.* za enzi ile utakuta sherifu ameorodhesha alichokamata: farasi, vitanda, masufuria, na ndani ya orodha hiyohiyo binadamu kwa jina moja na makadirio ya umri. Kwa wengi wao hiyo ndiyo karatasi pekee iliyowahi kuandika majina yao. Tarehe ya kukamatwa, jina la aliyenunua kwenye mnada na bei vikipatikana pamoja, familia iliyotawanywa inaweza kufuatwa kutoka kaunti hadi kaunti. Vikitenganishwa, hakuna kitu. Hiyo ndiyo hasara halisi ya kuchomoa karatasi kwa ajili ya saini.

Hati iliyomtesa Jackson kuliko zote ilikuwa ya ndoa yake. Rachel Donelson alikuwa ameolewa na Lewis Robards. Desemba 1790 bunge la Virginia lilipitisha sheria iliyomruhusu Robards kwenda mahakamani Kentucky, wakati huo sehemu ya Virginia, kudai talaka mbele ya baraza la watu 12. Ilikuwa ruhusa ya kushtaki tu. Talaka yenyewe ilitolewa Septemba 1793, baada ya baraza kuamua kwamba Rachel amezini, maana kwa muda wote huo alikuwa akiishi na Jackson kama mke. Wakafunga ndoa upya Januari 1794. Maelezo ya upande wao ni kwamba waliamini talaka ilikwisha tangu 1790. Siwezi kuyapokea kwa urahisi. Mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutofautisha idhini ya kushtaki na hukumu alihitaji kuomba nakala moja tu iliyothibitishwa na karani. Wapinzani wake walizitoa karatasi hizo kwenye uchaguzi wa 1828 na kumchafua Rachel kikatili, jambo lisilo na utetezi. Hata hivyo ukatili wao haubadilishi tarehe zilizoandikwa.

Kuhusu ujaji, matarajio yapunguzwe. Alikaa Mahakama ya Juu ya Tennessee kuanzia 1798, kwa mshahara wa dola 600 kwa mwaka, akizunguka vituo vya Jonesborough, Knoxville na Nashville, na kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho ni karibu kilomita 400. Mara nyingi majaji wa huko walitamka uamuzi kwa mdomo; karani aliandika matokeo bila sababu. Ni John Overton, aliyemrithi Jackson kitini mwaka 1804, ambaye kumbukumbu zake za kesi zikawa ripoti za kwanza za sheria za jimbo. Ndiyo maana masimulizi ya Jaji Jackson yamejaa visa vya ushujaa wake na hayana hoja za kisheria. Daftari la kikao linatoa kitu cha kuaminika zaidi: kesi ngapi zilimalizika, ngapi ziliahirishwa, nani aliketi naye siku ile, na rufaa zipi zilirudishwa chini. Ukilinganisha vikao vya vituo vitatu kwa mwaka mmoja unaanza kumwona jaji kazini.

Mwenye kushika majalada ya namna hii afuate mpangilio kabla ya kitu kingine. Apige picha ya bunda likiwa bado limefungwa, kisha kila karatasi kwa zamu iliyokutwa nayo, na karatasi ya nje ya kufungia ihesabiwe kuwa hati. Mikunjo isifunguliwe kwa nguvu. Karatasi za karne ya 18, zilizotengenezwa kwa matambara, ni imara, ila penye mkunjo zimechoka. Zipewe unyevu wa taratibu ndani ya chumba maalumu, kisha zilazwe chini ya uzito, na kabla ya hapo wino ujaribiwe kama hauyeyuki. Wino wenyewe ulitengenezwa kwa vinundu vya mwaloni na chumvi ya chuma. Una asidi, na penye mstari mzito hula karatasi hadi kutoboka, kwa hiyo maji na gundi ya kawaida ni marufuku. Kufunika kwa plastiki kwa joto, mtindo uliopendwa karne ya 20, kumeacha hati nyingi zikiwa zimekwama ndani ya plastiki inayochakaa.

Picha za kidijitali zipigwe pande zote mbili, hata upande unaoonekana mtupu. Wino wa chuma uliofifia hadi macho hayauoni huweza kujitokeza kwa rangi nyeusi chini ya mwanga wa urujuanimno, na mara nyingi kilichofifia huko nyuma ni maandishi ya sherifu.