Utaratibu wa Klementi na Mzigo wa Wenye Nguvu

Waraka ambao kanisa la Roma liliwaandikia Wakristo wa Korintho, na ambao mapokeo humhesabia Klementi, askofu wa Roma, kwa kawaida hukadiriwa kuwa wa mwaka 96 hivi. Uliandikwa kwa sababu ya mgogoro: wazee wa kanisa waliohudumu bila lawama walikuwa wameondolewa madarakani. Mwanasheria Mjerumani Rudolf Sohm alidai mwaka 1892 kwamba hapo ndipo kanisa lililoongozwa na karama za Roho lilipoanza kugeuka chombo cha sheria.

Shutuma hiyo haikutungwa bure. Sura ya 37 ya waraka inasifu nidhamu ya askari mbele ya makamanda wao, sura ya 40 inamwekea kila mmoja nafasi yake kwa mfano wa kuhani mkuu, makuhani na Walawi, na sura ya 59 inawaonya wasiotii kwamba wanajiingiza katika hatari kubwa. Hoja za walioasi hatuzisikii kabisa, na hilo ni pengo zito.

Lakini anayeishia kwenye askari hajausoma waraka. Sura ya 20 inatangulia kuonyesha mbingu, jua, mwezi na nyota zikienda bila kugongana, bahari ikiishia kwenye mipaka yake, na hata wanyama wadogo kabisa wakikutana kwa amani. Utaratibu huo ni fadhili ya Mungu kwa viumbe vyote kabla haujawa wajibu wa yeyote. Sura ile ile ya askari inasema wakubwa hawawezi kuwapo bila wadogo, wala wadogo bila wakubwa, na inayofuata inamtaka mwenye nguvu amtunze dhaifu na tajiri amsaidie maskini.

Zito kuliko yote ni swali la nani anayetakiwa kuachia. Sura ya 44 inasema wazee wale waliwekwa kwa ridhaa ya kanisa lote, kwa hiyo kosa la Korintho, machoni pa Klementi, ni la watu wachache kuvunja kilichokubaliwa na wote. Kisha sura ya 54 inamwita aliye muungwana na mwenye huruma aseme mwenyewe kwamba, ikiwa fitina imetokea kwa ajili yake, ataondoka, ataenda popote watakapo, na atatenda linaloagizwa na umati. Maneno hayo yanawalenga waasi, ni kweli, ila mwenye kuagiza ndani yake ni jumuiya, si ofisi. Na mtu anayetaka kujenga utawala wa amri tupu hana haja ya kumwomba mpinzani wake ajitoe kwa upendo.

Yapata mwaka 170, Dionisio, askofu wa Korintho, aliwaandikia Waroma kwamba waraka huo ulikuwa bado ukisomwa katika ibada za Korintho. Hilo halithibitishi kwamba wazee walirudishwa kwa haki, kwa maana hata upande ulioshinda ungeweza kuutunza. Linaonyesha tu kwamba kanisa lililokaripiwa halikuyaona maneno hayo kuwa ya mtawala wa ugenini.