Matawi kwenye taa, vichwa wazi

Honi ndizo zilizotangulia kusikika, kisha injini. Tuliokuwa dukani tukatoka nje. "Bodaboda wanazika," alisema mama wa genge bila kumuuliza mtu, akaendelea kupanga nyanya zake. Pikipiki za mbele zilikuwa zimefungwa matawi ya mwarobaini kwenye taa. Likafuata gari lenye jeneza, na nyuma yake pikipiki ambazo niliacha kuzihesabu baada ya 60, nyingi zikiwa na watu watatu watatu. Kijana mmoja alikuwa amesimama wima juu ya kiti huku pikipiki ikienda. Mwingine aliinua tairi la mbele mara tatu mbele ya kituo cha daladala, na watu wakapiga kelele, sijui za kushangilia au za hofu.

Kofia ngumu nilizoziona hazikuzidi tano. Na marehemu, tulivyokuja kusikia jioni, aligongwa na gari usiku na kufa kwa jeraha la kichwa. Kofia yake alikuwa nayo, ameivaa kwenye kiwiko.

Tangu siku hiyo nimebishana na watu wengi hapa Dar es Salaam, na ubishi wenyewe huwa na pande mbili ambazo hazikutani. Kuna wanaosema vijana hawa wanajitakia. Kuna wanaosema vijana hawa wanauawa. Nimejaribu kusikiliza kila upande kana kwamba ndio pekee wenye haki, na nakiri kila mmoja ulinishinda kwa muda.

Chukua upande wa lawama kwanza, maana ushahidi wake uko barabarani kila siku. Vioo vya pembeni vimekunjwa kwa ndani ili pikipiki ipenye kwenye foleni, kwa hiyo dereva haoni kinachotoka nyuma. Taa nyekundu inawahusu wenye magari. Mshikaki, yaani abiria wawili au watatu kwenye kiti kimoja, umekuwa jambo la kawaida hadi wanafunzi wa shule ya msingi wanapelekwa hivyo kila asubuhi. Njia za mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni zilianza kutumika mwaka 2016, na hadi leo ukisimama Barabara ya Morogoro kwa nusu saa hutakosa kuona pikipiki imeingia humo, mbele ya basi ambalo haliwezi kusimama ghafla kwa ajili yake.

Halafu kuna suala la mafunzo, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Wengi walijifunza kwa rafiki, jioni moja, uwanjani. Rafiki hufundisha gia, klachi na namna ya kuondoka. Kusimama hakufundishwi. Matokeo yake utakuta dereva mwenye miaka minne kazini bado anaiogopa breki ya mbele, kwa kuwa aliambiwa itampindua, na anategemea ile ya mguu peke yake. Wakati pikipiki inapopunguza mwendo uzito mwingi hukimbilia mbele, na breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki inakata karibu mita 17 kila sekunde. Anayeangalia simu kwa sekunde mbili tu amekwisha pita mita 33 bila kuona kitu.

Kuhusu kofia ngumu, au elementi kama wenyewe wanavyoiita, hapana mjadala wa kisayansi uliobaki. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, yalionyesha kwamba kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali, kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa takribani asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia hiyo ni ile iliyovaliwa kichwani na mkanda wake kufungwa kidevuni. Ya kwenye kiwiko humlinda dereva dhidi ya trafiki tu, na hata hapo ni mpaka atakapoipita kona.

Ukiishia hapo, kesi imekwisha na hukumu imetoka. Ila sasa sikiliza hesabu.

Hesabu ni fedha ambayo dereva anampelekea bosi, mwenye pikipiki, kila siku. Tuseme ni shilingi 10,000. Mvua ikinyesha kutwa, ni 10,000. Mtoto akiugua, ni 10,000. Kwenye pikipiki ya mkataba, kijana analipa hivyo kwa mwaka na ushee hadi chombo kiwe chake, na akichelewesha siku kadhaa chombo kinachukuliwa, pamoja na miezi yote aliyokwisha lipa. Kabla hajapata ya kula, atoe ya hesabu, ya mafuta na ya ufundi. Kinachobaki kinapatikana kwa safari nyingi zaidi na saa nyingi zaidi. Mtu aliyetoka kijiweni saa kumi na moja alfajiri na bado yuko barabarani saa nne usiku, macho yake si yale yale. Tunasema anakimbia kwa utundu wa ujana. Wengine ndivyo walivyo, lakini wengi wanaikimbilia hesabu.

Na sisi abiria? Tunapanda bodaboda kwa sababu tumechelewa, tunamwambia "fanya haraka kaka", tukifika tunamlaumu kwa mwendo. Kofia ya abiria tunaikataa: ina jasho la watu wengine, inaharibu nywele, inanuka. Sababu hizo si za uongo, nimeivaa, inanuka kweli. Mjini Kigali abiria anapewa kofia na anaivaa, wala halionekani jambo la ajabu, kwa hiyo harufu peke yake haitoshi kuwa utetezi wetu.

Barabara nazo zina neno la kusema. Zimechorwa kwa ajili ya magari, kisha pikipiki zikaja kwa wingi na kusukumwa ukingoni, kwenye mchanga, mashimo na mifuniko ya mitaro. Dereva wa lori akifungua mlango au daladala ikichomekea kituoni, anayelala chini ni mwenye magurudumu mawili. Wala hili si la kwetu tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka 2021, na karibu asilimia 21 walikuwa watu wa pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, barabara ndiyo inayoua kuliko kitu kingine chochote. Si rahisi kuamini kwamba asilimia 21 hiyo yote ni ya wahuni.

Serikali haikukaa kimya. Kanuni za usafirishaji wa pikipiki na bajaji za mwaka 2010 ziliitambua biashara hii na kuiwekea masharti, kofia ikiwa mojawapo. Mwaka 2021, kwenye bajeti, faini ya makosa ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Hapo tena pande mbili zikatengana. Wapo walioona ni kulegeza kamba kwa watu wanaokufa kila wiki. Madereva wakasema faini ya 30,000 ilikuwa hesabu ya siku tatu, hakuna aliyekuwa anailipa, kilichokuwa kinatembea ni kitu kidogo. Mimi nipo na madereva kwenye hili. Adhabu ambayo mtu hawezi kuilipa humfundisha kukimbia askari, na kumkimbia askari kwa pikipiki katikati ya foleni ni njia nyingine ya kufa.

Lakini kuna jambo ambalo watetezi wa bodaboda, nami nikiwamo, hulipitia juu juu. Kijiwe kina nguvu. Msiba ulipotokea, ndani ya saa mbili mwenyekiti alikuwa na daftari la michango, kila dereva akatakiwa kutoa kiasi kilekile, na asiyekuja kuzika bila sababu hutozwa faini. Kijiwe kinajua nani anakunywa kabla ya kazi. Kinaweza kumsimamisha mtu wiki nzima kwa kumpora mwenzake abiria aliyekuwa zamu yake. Sijasikia kimesimamisha mtu kwa kupakia mshikaki. Nidhamu ipo, tena kali kuliko ya askari, kwa sababu humo ndani kila mtu anajulikana hadi kwao. Imeelekezwa kwenye kulinda riziki na kuzika kwa heshima. Katikati ya riziki na kaburi pameachwa wazi.

Nilimuuliza mwenyekiti mmoja kwa nini wasiweke sharti la kofia kwenye msafara wa mazishi tu, siku hiyo moja. Alinitazama kidogo, akasema, "Mzee, nikisema hivyo wataniuliza, unataka tumzike kimyakimya kama mwizi?"

Jibu lile sikulipenda, lakini nalielewa. Mwaka mzima kijana huyu anaitwa mhuni. Anafukuzwa katikati ya mji, anapigiwa honi, gazeti likiandika habari yake humwita "dereva wa bodaboda" bila jina. Siku ya kuzikwa ndiyo siku pekee ambayo barabara inasimama kwa ajili yake. Malori yanampisha. Kelele ile inasema huyu alikuwa mtu, na alikuwa wetu. Anayetaka kuiondoa kelele aje na kitu cha kuweka mahali pake. Wenzake pia wana huzuni ambayo hawajui pa kuipeleka. Mwanamume wa miaka 22 hatalia mbele ya kijiwe, lakini anaweza kuifanya injini ilie mpaka moshi utoke.

Pamoja na kuelewa huko, nabaki upande wa wanaosema msafara ule ubadilike. Si mara moja tumesikia, huku na Kenya, mtu aliyekwenda kumzika mwenzake kwa mbwembwe akafuatia. Wasemaji wote msibani walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Methali ya vichwa, kwa watu waliokuja vichwa wazi, na sikuona hata mmoja aliyeisikia hivyo.

Mshikamano huo huo una sura nyingine ambayo haina budi kutajwa. Gari likimgonga mwenzao, pikipiki hufika zikiwa kumi, ishirini, na mara nyingine gari huchomwa moto kabla askari hajafika. Machi 2022 jijini Nairobi, mwanamke aliyekuwa akiendesha gari alizingirwa na kudhalilishwa na wanabodaboda kwenye Barabara ya Wangari Maathai. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza msako wa nchi nzima, na siku chache baadaye msako ukasitishwa. Waliofanya ukatili ule hawana utetezi, nami sitawatafutia. Lakini hasira inayochoma magari ina kisima chake: imani kwamba mwenye gari atafika kituoni kwanza, atazungumza vizuri, na jalada litalala. Dereva naye, akiogopa kuchomewa gari, anakimbia hata pale ambapo angesimama kumsaidia majeruhi. Kila upande unazidisha hofu ya mwingine, na anayelipa ni yule aliyelala kwenye lami. Hubebwa kwenye pikipiki nyingine, akiwa katikati ya watu wawili, shingo ikining'inia, aende hospitali ambako wataulizwa fomu ya polisi, PF3.

Na akiwa ndiye mwenye kosa, au aliyemgonga hakujulikana? Bima ndogo iliyobandikwa kwenye pikipiki inamlinda mtu mwingine, haimlindi aliyeshika usukani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiriwa ambaye mwajiri wake anachangia, na bosi wa pikipiki hajihesabu kuwa mwajiri. Kinachobaki ni daftari la kijiwe.

Hapo ndipo ninapoona ubishi wetu wote umemsahau mtu mmoja. Tunamjadili dereva, trafiki, abiria, mwenye gari, serikali. Mwenye pikipiki hatajwi. Ndiye anayepanga hesabu, ndiye anayeamua kijana bila leseni akabidhiwe ufunguo, ndiye angeweza kununua kofia mbili nzuri siku anayonunua chombo, na kuandika kwenye mkataba kwamba Jumapili haina hesabu. Wako mabosi wanaofanya hivyo, na vijana huwasifu kama watu wa ajabu. Wengine ni watu wa kawaida kabisa: mwalimu, askari, mama wa duka aliyeweka akiba akanunua pikipiki moja ili apate ya ada. Sisemi ni wanyonyaji. Nasema mapato ya mwendo kasi yanawafikia kila jioni, hatari yake haiwafikii.

Jioni ya mazishi nililiomba lile daftari nami niandike changu. Madereva walikuwa wametoa 5,000 kila mmoja, mama wa genge 2,000. Jina la mwenye pikipiki lilikuwa la 14. Alikuwa ametoa 20,000, hesabu ya siku mbili. Mwenyekiti aliniambia ameshapiga simu kuuliza pikipiki ikitoka polisi atamkabidhi nani.